Jambazi: Neno la Kutumia kwa Kipimo

Ndugu zangu wa Ngara na Biharamulo,

Nina ombi, nalo linahusu neno. Najua mnayo mambo mazito kuliko maneno: barabara, bei ya kahawa, ng'ombe walioingia shambani, kitambulisho kisichofika. Lakini neno hili limekwisha kutugharimu damu, na bado linazunguka vijijini likitafuta wa kumwangukia. Ni neno jambazi.

Walio na umri wa kukumbuka wanakumbuka. Kwa miaka mingi basi la Bukoba halikuthubutu kuvuka pori la Kasindaga, ukishaiacha Biharamulo, bila askari. La Ngara vivyo hivyo, likishapita Lusahunga na kuingia mapori ya Nyakahura kuelekea Benaco. Magari yalisubiriana. Askari alipanda na bunduki yake ya SMG, akaketi mbele karibu na dereva, ndipo konda akagonga bodi: twende. Humo ndani kila abiria alikuwa na benki yake. Noti zililala ndani ya soksi, ndani ya nepi ya mtoto, ndani ya kanga iliyofungwa mara tatu kiunoni. Fedha kidogo iliachwa makusudi kwenye mfuko wa shati, iwe ya kuwapa waporaji, maana aliyekutwa hana kitu alipigwa zaidi. Likionekana gogo limelala barabarani, au mawe yamepangwa kwenye kona, basi zima lilinyamaza. Kisha ikaja amri: shukeni, laleni kifudifudi, msituangalie usoni.

Kauli hiyo ya mwisho naomba mwiweke akilini. Nitaihitaji mbele.

Hao ndio tuliowaita majambazi, na kwao neno lilikuwa halali yao. Lakini lilitoka wapi? Wanaofuatilia asili ya maneno hulipeleka Uajemi. Katika Kiajemi *jan* ni roho, uhai; *baz* ni mwenye kucheza. Janbaz basi ni mtu anayeuchezea uhai wake mwenyewe, anayeutia rehani bila woga. Waturuki walilichukua wakalifanya cambaz, jina la mcheza sarakasi anayetembea juu ya kamba watu wakiwa chini wameshika vichwa. Kwa wasemaji wa Kiurdu huko Pakistani na India, janbaz ni jasiri, na mzazi hamkasirikii anayemwita mwanawe hivyo. Iran ya leo ndiyo inayoshangaza zaidi: huko janbaz ni askari aliyerudi na ulemavu wa vita, hasa ile ya Iran na Iraki ya mwaka 1980 hadi 1988, na jina hilo ni la heshima.

Neno likavuka bahari na pepo za kusi na kaskazi kama yalivyovuka mengine, na lilipofika kwetu likageuka. Ujasiri ulibaki, lakini uhai unaochezewa ukawa si wa mchezaji tena, ukawa wa abiria aliyelala kifudifudi. (Neno serikali nalo wengi hulirudisha kwenye Kiajemi hichohicho, kwenye sarkar, mkuu wa shughuli. Jambazi na serikali huenda walishuka bandarini pamoja, na hata neno bandari lenyewe asili yake ni hukohuko.)

Nimeisimulia safari ya neno jambazi kwa sababu moja. Tangu mwanzo, katika kila lugha lilimopita, jambazi lilitaja mtu kwa jambo analolifanya. Anatembea juu ya kamba. Anaingia vitani. Anasimamisha basi kwa bunduki. Halikuwa jina la kabila, wala la nchi, wala la watu wenye pua ya namna fulani. Majirani zake katika Kiswahili nao wana tabia hiyohiyo. Mnyang'anyi ananyang'anya. Haramia, kutoka Kiarabu, ni mwenye kutenda haramu. Kuvuka mpaka tu, Warundi humwita umwambuzi, yaani anayekuvua ulichovaa, na ukiitazama vizuri utaona ni ndugu wa kitenzi chetu ambua, kubandua ganda. Picha ni ileile, na ni ya kitendo.

Sheria yetu nayo inafanya hivyo, tena kwa ukali. Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hutakuta kosa linaloitwa ujambazi. Ujambazi ni neno la midomo yetu, la polisi wakizungumza na waandishi, na la magazeti. Hati ya mashtaka inasema unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ili mtu afungwe miaka hiyo lazima ithibitike kwamba kitu kiliibwa. Kwamba mwizi alikuwa na silaha wakati huo, au muda mfupi kabla au baada. Na kwamba alitumia nguvu, au alitishia kuitumia, ili akipate kitu hicho au asinyang'anywe. Hakuna mahali kifungu kinapouliza mshtakiwa anaongea lugha gani akiwa nyumbani kwake.

Sisi je, tunauliza nini?

Hapa ndipo panaponiuma. Huku kwetu, kwa zaidi ya miaka thelathini, maneno mengine yamesogezwa karibu na jambazi hadi yakagusana nalo: Mrundi, Mnyarwanda, mkimbizi, mfugaji mgeni. Mtu akiporwa usiku Murusagamba, kabla hajaulizwa aliona nini, jirani keshasema: hao ni Warundi tu. Ng'ombe wakichukuliwa Nyakahura, kidole kinaelekezwa kwenye kambi ya mfugaji aliyehamia mwaka juzi. Huenda ni kweli, na mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini mara ngapi tulihakikisha?

Tusimame kidogo kwenye historia, kwa kuwa ndiko jambo hili lilikofungwa fundo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi kwa maelfu wakaingia Ngara na Kibondo. Mwishoni mwa Aprili 1994 yakatokea yale ambayo dunia nzima iliyaona kwenye picha: katika muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara lililobaki mahali hapo, ikawa mji wa maturubai mkubwa kuliko mji wowote wa Kagera. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Ngara ikawa wilaya ambayo wageni wake ni wengi kuliko wenyeji. Desemba 1996 Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao. Warundi wa Lukole walibaki hadi kambi ilipofungwa miaka mingi baadaye.

Mliwapokea. Hilo lisemwe kwa sauti, kwa sababu ni nadra kusemwa. Miti ilikatwa hadi vilima vikabaki upara, visima vikakauka, mihogo ikang'olewa usiku, na bado wapo waliogawana chakula na watu wasiowajua. Katika umati ule waliingia pia watu wa vita: askari wa jeshi la Rwanda lililoshindwa, wanamgambo, na baadaye waasi wa Burundi waliokuwa wakienda na kurudi. Bunduki ziliingia nao. Bunduki ikishavuka mpaka haina njaa, inafukiwa shambani na kungoja mwenye shida.

Hapo ndipo kauli ya "hao ni wakimbizi" ilipopata nguvu, na siwezi kuwaambia kwamba haikuwa na msingi wowote. Ila haikuwa na msingi wa kutosha. Mkimbizi mwenyewe aliporwa. Mama aliyetoka kambini kwenda kutafuta kuni alikuwa mawindo mepesi kuliko mwenye duka wa Benaco, na hakuwa na mwenyekiti wa kijiji wa kumlilia. Bunduki nazo hazikuanza mwaka 1994. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikwisha kuziacha nyingi mikononi mwa watu upande huu wa Ziwa Viktoria, na ni wimbi la uhalifu lililofuata lililowafanya Wasukuma na Wanyamwezi wa maeneo ya Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waunde ulinzi wa jadi wa sungusungu. Wazee wengi wa Biharamulo waliohamia kutoka huko walikuja na mwano wao, ile sauti ya usiku inayompasa kila mwanamume atoke na silaha yake. Magobore ya kuwindia nayo yalikuwapo kabla ya hao wote. Bunduki iliyotumika Kasindaga ingeweza kuwa na safari yoyote kati ya hizo.

Tena kuna jambo ambalo wapelelezi wanalijua na sisi hatupendi kulisema. Mtu aliyevuka mpaka jana hawezi kujua kwamba chama cha msingi cha ushirika kimelipa wakulima Jumanne. Hajui kwamba fulani ameuza fahali wawili mnadani na fedha bado ziko ndani, au kwamba mwenye duka hulala chumba cha nyuma na mbwa wake alikufa wiki iliyopita. Hayo anaambiwa, na anayemwambia ni mwenyeji, mtu tunayesalimiana naye kila asubuhi, pengine kwa kuahidiwa fungu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila tunapopiga kelele "Warundi!" huyo wa nguoni anapumua, kwa sababu msako umeelekea mpakani naye yuko kilabuni anakunywa.

Ndugu zangu Wahangaza na Washubi mnalijua hili kuliko mimi. Lugha zenu ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mhangaza wa Kabanga akipanda basi kwenda Mwanza, akapokea simu ya mama yake na kuongea naye kama anavyoongea siku zote, jirani wa kiti anageuka: kumbe wewe Mrundi? Ofisi za vitambulisho zinawauliza maswali ambayo mtu wa Iringa haulizwi. Basi mnapolifungia neno jambazi kwenye ulimi wa Kirundi mnalifungia kwenye ulimi unaofanana na wenu, na atakayekuja kulitumia ugenini hatakuwa na subira ya kutenganisha.

Na limekwisha kutumika hivyo. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu na wenye silaha wiki mbili waondoke au wazisalimishe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Ujambazi ulikuwa umewachosha watu na wengi walishangilia. Silaha zilikamatwa, na mabasi yakapumua. Lakini wahamiaji, ng'ombe na majambazi walitiwa katika sentensi moja, na miongoni mwa walioondolewa au kukimbia kwa hofu walikuwamo waliolalamika kwamba wamezaliwa hapahapa, wana makaburi ya babu zao hapahapa, wameacha wake na watoto Watanzania. Serikali ina haki ya kulinda mpaka wake, sibishani na hilo. Ninachokiona ni kwamba kukaa bila kibali ni kosa moja na kusimamisha basi kwa bunduki ni kosa jingine, na anayeyachanganya humpatia mnyang'anyi umati wa kujificha ndani yake.

Kuna methali yetu inayosema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa kapu la samaki sawa. Kwa watu, tena wa mpakani ambako kila ukoo una shangazi ng'ambo, naikataa.

Sasa ombi lenyewe. Naomba tuliache neno jambazi pale lilipozaliwa, kwenye kitendo. Na kwa kuwa kitendo lazima kionwe na mtu, naomba tujifunze kuona na kusema tulichokiona. Hilo si jambo dogo, na ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Mnakumbuka ile amri, msituangalie usoni? Wanyang'anyi walijua wanachokifanya. Kesi nyingi za unyang'anyi wa silaha hufa kwenye utambuzi. Tangu hukumu mashuhuri ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980, ambayo mawakili huitaja karibu kila wiki, mahakama zetu zinasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku, ni ushahidi dhaifu, na hautoshi kumfunga mtu mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo shahidi atasimama kizimbani Ngara mjini au Biharamulo na kuulizwa: ulikuwa umbali gani naye? Ulimwona kwa muda gani? Kulikuwa na mwanga wa nini, na ulikuwa na nguvu kiasi gani? Kuna kitu kilikukinga? Ulikuwa ukimfahamu kabla? Alivaa nini?

Shahidi wetu anajibu: taa ilikuwa inawaka, nikamtambua. Basi. Wakili anasimama anauliza, taa gani? Ya sola. Ilikuwa wapi? Ndani. Ninyi mlikuwa wapi? Nje. Mlango ulikuwa wazi? Shahidi anatazama dari. Pengine aliona kweli, na mtu aliye mbele yake ndiye hasa. Lakini hakuna aliyemwandaa kusimulia alichokiona, na mtuhumiwa anatoka. Wiki inayofuata tunasema polisi wamekula rushwa, hakimu amekula rushwa. Rushwa ipo, tusidanganyane. Lakini kesi nyingine zilikufa kwa taa ya sola.

Mahakama hiyohiyo imesema pia kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema, mara tu anapopata nafasi, kunaupa ushahidi wake uzito. Kukaa kimya siku kadhaa na kuja kumtaja baadaye kunautia shaka. Kwa hiyo kama ulimtambua kijana wa kitongoji chako, mtaje usiku uleule, kwa wa kwanza aliyekuja kukusaidia, kwa mwenyekiti, kwa askari anayeandika maelezo. Kama hukumjua, eleza sura yake kabla hujaonyeshwa mtu yeyote: kimo, rangi, kovu, namna ya kutembea, koti. Gwaride la utambulisho halina maana kwa mtu ambaye hakutoa maelezo kwanza. Na sauti peke yake, ile ya "nilimtambua kwa kuongea", huwa ni ushahidi mwembamba sana. Aliyesema "laleni chini" kwa Kirundi anaweza kuwa Mrundi, anaweza kuwa Mhangaza, anaweza kuwa Msukuma aliyekulia Rulenge na anayejua fika kwamba lafudhi itawapeleka wasakaji mpakani.

Najua hofu iliyopo. Shahidi anarudi kulala katika nyumba ileile, na nduguye mshtakiwa anachota maji kisima kilekile. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, lakini sheria iliyo kwenye kabati la wilaya haikeshi mlangoni pa mtu. Kinachokesha ni majirani. Shahidi mmoja anatishika. Kitongoji kizima kikimsindikiza mahakamani, kikichanga nauli ya kutoka Nyakisasa au Kalenge hadi wilayani, na kukaa kimya kwenye mabenchi ya nyuma, mtishaji anahesabu upya. Michango ya harusi tunaiweza na ya msiba tunaiweza. Hii nayo tuijaribu.

Kuna upande mwingine wa kusema kwa kipimo ambao ni mchungu zaidi. Yowe likipigwa, watu wakatoka na mapanga na mawe, mara nyingi hakuna anayeuliza. Asubuhi gazeti au redio inatangaza kwamba mtu anayedhaniwa kuwa jambazi ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo yamezoeleka hadi yamekuwa kama cheo, na laiti ningekuwa mhariri ningeyafuta kabisa. Mbele ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu hakuna mwananchi mwenye hasira kali. Kuna mtu aliyeua kwa kukusudia. Mbele ya familia ya marehemu vilevile. Tena kama kweli marehemu alikuwa mmoja wa wale wanyang'anyi, amekufa na majina ya wenzake, na mahali ilipofukiwa bunduki, na jina la mwenyeji aliyewaita. Wenzake ndio wanaofaidika kwanza na hasira yetu. Hata sungusungu, waliotambuliwa kisheria mwaka 1989, walipewa uwezo wa kukamata, kuhukumu hawakupewa. Mkimkamata mtu, mfungeni, mwekeni mahali penye mwanga, mpigieni mtendaji, pigeni 112. Wazee wawili wakae naye hadi polisi wafike. Wazee wenye busara vijiji vyote tunao, na usiku wa namna hiyo ndio wanaohitajika, kuliko hata siku ya kugawa mirathi.

Kwa wenye silaha nasema kwa upole, kwa sababu najua wengine hawakuzitafuta. Umerithi gobore la babu. Umeikuta bunduki ukilima mahali palipokuwa kambi. Mume wako amefariki na kuna kitu kimefungwa kwenye gunia juu ya dari. Katika miaka ya karibuni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi imetangaza vipindi vya msamaha, Septemba hadi Oktoba, ambapo mtu hupeleka silaha kituo cha polisi, au hupitia kwa viongozi wa serikali za mitaa na kata, na hashtakiwi. Sikilizeni matangazo hayo yanapotoka, na msingoje siku ya mwisho. Asiyetaka kwenda mwenyewe azungumze na padri, shehe, mchungaji au mwenyekiti, ajue utaratibu ulivyo. Silaha ikishatoka ndani mwako, mtoto wako hataipata akiwa na miaka 19 na hasira.

Na ninyi wenye vipaza sauti. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995, katikati ya kambi, na watu wa pande zote za mpaka waliisikiliza. Hakuna chombo kilichojifunza mapema zaidi kwamba neno moja la redio linaweza kutuliza au kuchoma. Jirani zetu wa Rwanda walilipia somo hilo, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kwa gharama isiyosemeka. Mnaporipoti tukio, tajeni kilichofanyika, wapi, saa ngapi, na nani amefikishwa mahakamani kwa kosa lipi. Mtu akiwa bado hajahukumiwa ni mtuhumiwa. Uraia wake utajwe pale unapohusiana na kosa, na si kwa mazoea tu. Walimu, mkiwafundisha watoto asili ya maneno, jambazi ni mfano mzuri kuliko mingi iliyomo vitabuni: watoto watafurahi kumjua yule mcheza sarakasi wa Uturuki, na palepale mnaweza kuwauliza kama mtu anaweza kuzaliwa jambazi.

Hali imebadilika, na lazima niseme hivyo ili nisiwapake matope. Tangu mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na kule walikokuwa wakijificha watu wenye bunduki sasa yanaingia magari ya watalii na askari wa hifadhi. Pale Rusumo, walipovuka watu robo milioni na magodoro vichwani, leo kuna kituo cha forodha cha pamoja na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Malori ya Kigali na Bujumbura yanapita usiku na mchana, na madereva wake wananunua ndizi na nyama choma zenu. Hao ni wateja. Mwanamke wa Benaco anayewauzia chai hana nafasi ya kumwita kila mmoja wao jina la aibu, na sidhani kama anataka.

Hata hivyo uporaji haujaisha na hautaisha kwa wito. Utatokea tena, pengine mwezi huu, kwenye kona fulani au duka fulani, na usiku huo mtu wa kwanza kufungua mdomo ndiye atakayeamua msako unaelekea wapi. Ndiyo maana naomba maandalizi yafanyike kabla. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, mkishamaliza habari za darasa lisilo na paa, mwombeni mwenyekiti aongeze ajenda moja. Mwiteni polisi kata aje aeleze maswali ambayo shahidi huulizwa mahakamani, moja baada ya jingine, watu wayasikie kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, kwa Kishubi na kwa Kisukuma. Kubalianeni nani atapigiwa simu kwanza usiku, nani ana pikipiki yenye mafuta, na mtu aliyekamatwa atawekwa wapi hadi asubuhi. Chagueni wazee watakaokaa naye. Andikeni majina yao kwenye muhtasari, na namba zao za simu zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji na kwenye duka linalochelewa kufungwa kuliko yote.